Kompyuta ya kuzamia: kabla hujatoa hela, jua kwamba Ziwa Tanganyika liko mlimani

Mwezi uliopita tulikuwa Katonga, hapa Kigoma, asubuhi tunapakia mitungi kwenye boti, akaja dogo mmoja, yeye na wenzake wanakusanya samaki wa mapambo, akaninyooshea mkono wa kushoto. "Kaka, na mimi nimepata kompyuta ya kuzamia, laki moja tu." Nikaushika mkono nikaigeuza. Ilikuwa ile saa ya kuunganisha na simu, inahesabu hatua na mapigo ya moyo, kwa nyuma imeandikwa 5 ATM kwa herufi ndogo. Muuzaji alimwambia hiyo maana yake inaenda mita 50, na yeye akapiga hesabu yake kwamba samaki anayeitwa frontosa anamfuata mita 35 tu, kwa hiyo ana mita 15 za akiba.

Kompyuta ya kuzamia ni kile kifaa kinachomwambia mzamiaji akae chini dakika ngapi na apande vipi bila kuumia. Tangu siku ile nimeulizwa ninunue ipi na watu kama wanne hivi, wengine wa hapa mjini, mmoja yuko Tabora anakuja ziwani kila likizo, na kila mmoja ameambiwa lake: mmoja kaambiwa anunue ya bei kubwa ndo salama, mwingine kaambiwa maji baridi hayana shida hiyo ni ya watu wa bahari, mwingine anasema wazee wamezamia miaka yote bila kompyuta na wapo. Ngoja niyafumue haya polepole, maana ni jambo linaloumiza watu kweli na linaeleweka kabisa likielezwa vizuri.

Tuanze na hiyo 5 ATM. Ni kipimo cha saa kutoingiza maji. Saa inawekwa kwenye presha fulani ikiwa imetulia, ikishindwa kuingiza maji inapewa namba. Watengenezaji wenyewe wanakwambia 5 ATM ni ya kuogelea, sio ya kwenda na mtungi. Lakini hata tuseme isingeingiza tone, bado sio kompyuta ya kuzamia, kwa sababu haihesabu kile kitu kinachoua. Zipo saa chache za kisasa ambazo kweli ni kompyuta za kuzamia, ila hizo zimeandikwa hivyo wazi kwenye boksi na kitabu chake kina sura nzima ya kuzamia na bei yake sio laki.

Hicho kinachoua ni nini sasa

Hewa tunayovuta, ya hapa juu na ile ya kwenye mtungi, karibu asilimia 78 ni naitrojeni. Mwili hauitumii, inaingia na kutoka. Ukishuka chini ya maji presha inapanda, kila mita 10 inaongezeka karibu bar moja (bar ni kipimo cha presha, hewa ya usawa wa bahari ni kama bar 1), na kadiri presha inavyopanda ndivyo naitrojeni nyingi zaidi inavyoyeyuka na kuingia kwenye damu na nyama. Chini haikuumizi. Shida ni kurudi. Ukipanda haraka naitrojeni inakosa muda wa kutokea mapafuni taratibu, inatoka hapo hapo ilipo kama mapovu. Soda unaijua: ikiwa imefungwa huoni povu hata moja, ifungue taratibu itatoa pumzi kidogo kidogo, ifungue ghafla baada ya safari ya boda itakumwagikia mpaka kwenye shati. Mapovu ya namna hiyo yakiwa kwenye kiungo unapata maumivu ya bega au goti, yakiwa kwenye uti wa mgongo unaweza kupooza miguu. Wazamiaji wanauita bendsi, mimi hapa nitauita ugonjwa wa wazamiaji.

Sasa, sehemu zote za mwili hazijazi naitrojeni kwa kasi moja, na hapa ndo watu wengi wanapotea. Chukua kipande cha mkate na konzi ya maharage ya Kasulu, vyote vitie kwenye maji. Mkate unalowa papo hapo, ukiutoa unakauka mapema. Maharage unayalaza usiku kucha ndo yanalowa, na kuyakausha tena ni kazi ya siku. Damu na ubongo ni mkate, mafuta na viungo ni maharage. Ukizamia mara moja kwa muda mfupi umelowesha mkate tu. Ukizamia mara tatu kwa siku kwa wiki nzima, kama wanavyofanya vijana wa samaki wa mapambo, maharage yako yamelowa na hayajapata nafasi ya kukauka, hata kama kila mzamo peke yake ulikuwa mfupi.

Mwaka 1908 mwanasayansi wa Uskoti John Scott Haldane na wenzake walitoa majedwali ya kwanza ya kuzamia, ya kusema ukae kina gani dakika ngapi, yaliyojengwa juu ya wazo hilo la sehemu za kasi tofauti, baada ya kujaribu na mbuzi ndani ya chemba ya presha, yaani chumba kinachofungwa na kupandishwa presha. Kompyuta ya mkononi leo inafanya kazi hiyo hiyo ila kila sekunde chache. Ina kipima presha na ina saa, basi. Kutoka kwenye vitu hivyo viwili inakadiria naitrojeni kwenye mwili wa kufikirika wenye sehemu kadhaa. Fomula inayotumika sana, ya Albert Bühlmann wa Zürich, ina sehemu 16, ya haraka kabisa inajaa nusu kwa dakika 4 au 5 hivi na ya polepole kabisa inahitaji dakika 635, yaani zaidi ya masaa 10 kufika nusu tu. Halafu kompyuta inakuonyesha dakika ulizobakiza za kukaa kwenye kina hicho na bado ukaweza kupanda moja kwa moja bila kulazimika kusimama njiani. Inakuonyesha kasi ya kupanda, nyingi siku hizi zinapiga kelele ukizidi mita 9 au 10 kwa dakika. Na karibu na mita 5 inakuhesabia dakika 3 za kutulia kabla ya kutoka.

Kwa hiyo iweke hii kichwani kabla ya kwenda popote: kompyuta haikujui wewe. Haijui kama hukulala, kama umri umeenda, kama una mafuta mwilini, kama jana ulikunywa, kama ulikuwa unasukumana na nyavu chini huku umechoka. Inajua presha na muda, na inajua kile ulichoiambia kwenye mipangilio. Ukiiambia uongo itakupigia hesabu safi kabisa ya uongo huo.

Ziwa letu liko juu

Hapa ndo penye uzito na ndo sehemu ambayo muuzaji wa Dar hatakuambia, sio kwa ubaya, yeye anauzia watu wa bahari.

Uso wa Ziwa Tanganyika uko karibu mita 773 juu ya usawa wa bahari. Sisi tunaliona kama bonde kwa sababu ukitoka Kasulu unashuka kulifuata, lakini ukilinganisha na Dar au Zanzibar tunazamia mlimani. Duniani kote kozi za kuzamia zinasema kuanzia mita 300 kwenda juu hiyo tayari ni kuzamia kwenye mwinuko, na ina taratibu zake. Hewa ya Kigoma ina presha pungufu kwa karibu asilimia 9 kuliko ya Dar, ni kama bar 0.92.

Mtu anauliza, asilimia 9 ina nini? Rudi kwenye soda. Mapovu hayajali umetoka kina gani peke yake, yanajali umetoka presha gani kwenda presha gani. Baharini ukiwa mita 30 presha ni bar 4 na juu ni bar 1, kwa hiyo ukipanda presha inapungua mara 4. Hapa Kigoma mita 30 ni kama bar 3.9 lakini juu ni 0.92 tu, ukigawanya unapata zaidi ya mara 4 na robo kidogo isifike. Yaani soda yako inafunguliwa zaidi kuliko ya mtu wa Zanzibar aliyekaa kina kile kile dakika zile zile. Ndo maana ukitumia jedwali la bahari kwenye ziwa hili unatakiwa ujifanye uko chini zaidi ya ulipo: mita 18 za hapa unazisoma karibu kama 20, mita 30 unazisoma kama 33. Jedwali moja maarufu la wazamiaji wa burudani linatoa dakika 56 kwa mita 18 baharini, na dakika 20 kwa mita 30. Mtu akizileta dakika hizo hapa Kigoma kama zilivyo, ameshavuka mstari na hajui.

Kompyuta nzuri inalimaliza hili yenyewe, na kuna historia tamu hapa, kwamba huyo Bühlmann alikuwa Uswisi, nchi ya maziwa ya milimani, na fomula yake tangu mwanzo ilifikiria watu wanaozamia mahali ambapo hewa ni nyepesi. Kwa hiyo teknolojia ipo. Kinachotofautiana ni namna kila kompyuta inavyopata habari ya mwinuko.

Ziko zinazopima zenyewe. Ukiiwasha ukiwa juu ya boti inasoma presha ya hewa na kujua iko wapi. Ziko nyingine unaingia kwenye menyu kuiambia kwa mkono, na zinagawa mwinuko kwa madaraja: A0, A1, A2 na kuendelea. Na madaraja hayafanani, kuna zinazoanza A1 kwenye mita 300 na kuna zinazoanza kwenye mita 700. Zote hizo Kigoma inaangukia A1. Ukinunua ya mkono na hukugusa hiyo menyu, kompyuta inakuhesabia uko Bagamoyo wakati uko Ujiji. Mimi kwa watu wa ziwa hili nasema wazi, ongeza hela kidogo uchukue inayojipimia, maana kitu cha kukumbuka kwa mkono siku moja utakisahau, na siku hiyo huwa ni ya haraka na mawimbi.

Halafu iwashe kabla hujaingia majini. Ziko zinazojiwasha zikigusa maji na watu wanazitegemea hivyo, lakini kama itaamka ukiwa tayari mita 3 chini inaweza kukosa kusoma hewa ya juu vizuri. Ibonyeze ukiwa kwenye boti, itazame, ndo uruke.

Kuna mkanganyiko mmoja hapa nauona sana. Kompyuta nyingi zina sehemu ya kuchagua maji ya chumvi au maji baridi, mtu akishaweka maji baridi anaona kazi ya ziwa imeisha. Hapana. Ule mpangilio unarekebisha namba ya kina inayoonekana kwenye kioo tu. Maji ya ziwa ni mepesi kuliko ya bahari kama asilimia 3, kwa hiyo ukiiacha kwenye chumvi ukiwa mita 30 itakuandikia kama 29. Hesabu ya naitrojeni haibadiliki kwa sababu yenyewe inafuata presha, sio mita. Mwinuko ndo unaobadilisha hesabu. Yaani maji baridi ni usahihi wa kusoma kina, mwinuko ni uhai. Na yule anayesema maji baridi hayana ugonjwa wa wazamiaji, hajaambiwa kweli. Naitrojeni haionji chumvi.

Na kama unatua kutoka Dar kwa ndege na unataka kuzama siku hiyo hiyo, mwili wako bado una naitrojeni ya usawa wa bahari, iliyozidi kidogo kwa hewa ya hapa. Vitabu vya kompyuta nyingi vinashauri kukaa angalau masaa 3 kwenye mwinuko mpya kabla ya mzamo wa kwanza. Nenda Kibirizi kale mgebuka kwanza, muda utakuwa umefika.

Tunachowafanyia samaki, na tunachojifanyia wenyewe

Wakusanyaji wa samaki wa mapambo watanielewa hapa kuliko mtu yeyote. Frontosa wa Kigoma, yule mwenye mistari saba, anakaa chini. Ukimtoa mita 30 na kumleta juu moja kwa moja kifuko chake cha hewa kinavimba, tumbo linajaa, anageuka kichwa chini na anakufa, na hela imekufa. Kwa hiyo kila mkusanyaji anajua: unampandisha kwa hatua. Unamweka kwenye ndoo yenye matundu au wavu, unamning'iniza kwenye kamba katikati, unamwacha apumzike masaa, kesho unampandisha tena kidogo. Kuna samaki anachukua siku kadhaa kufika juu.

Ugonjwa wenyewe sio ule ule, wa samaki ni hewa iliyoko tayari kwenye kifuko inatanuka, wa mtu ni naitrojeni iliyoyeyuka inageuka povu, lakini dawa ni moja: polepole, na kusimama njiani. Nimeona kwa macho yangu kijana anafunga ndoo ya samaki kwenye kamba mita 15 kwa uangalifu kama anamlaza mtoto, halafu yeye mwenyewe anapiga mapezi mpaka juu kwa pumzi moja. Samaki wa dola kadhaa amepandishwa kwa ratiba, na mwenye watoto watatu amepanda kama kizibo. Hilo linaniuma na ndo sababu kubwa ya mimi kuandika hapa.

Kazi ile ina tabia nyingine mbaya, kupanda na kushuka. Umeshuka, umetega wavu, umepanda kuchukua ndoo, umeshuka tena, umepanda kumwambia mtu wa boti asogee. Kompyuta inahesabu yote hayo lakini fomula zake zilijengwa zaidi juu ya mzamo wa kushuka mara moja, kutulia na kupanda mara moja, kwa hiyo kwenye kazi hiyo ya kupanda na kushuka kama meno ya msumeno, namba unayoiona ina uhakika mdogo kuliko inavyoonekana. Hapo ndo tumia sehemu inayoitwa kiwango cha tahadhari, karibu kila kompyuta inayo, P0, P1, P2 au maneno. Ongeza hatua moja. Itakupunguzia kidogo dakika za kukaa chini, na kazi ya nyavu inastahili hivyo. Bora zaidi, mtu wa ndoo abaki juu na mtu wa wavu abaki chini.

Ya kununua sasa

Kompyuta za kawaida zinaanzia kama dola 200 kwa huko zinakouzwa, za juu zinapita dola 1,000. Swali la kila mtu ni kama ya 1,000 ni salama mara tano. Sio. Ya 200 na ya 1,000 zinaweza kuwa zinatumia fomula ile ile kabisa. Hela ya ziada unalipia kioo cha rangi, kusoma mtungi bila bomba (yaani hewa iliyobaki mtungini inaonekana kwenye kompyuta yenyewe), dira, gesi nyingi za kuchanganya, kuunganisha na simu. Ni vizuri kuwa navyo ila sio vinavyokutoa salama mita 25 pale Katonga.

Mimi naangalia betri mapema kuliko watu wengi wanavyofikiri. Kuna aina ya kuchaji na kuna aina ya betri ya kidonge. Ya kuchaji inapendeza, lakini mtu anayekwenda wiki nzima Buhingu au Kalya ajiulize atachajia wapi, na kama jibu ni pawabenki basi ahakikishe waya wake wa kuchajia sio wa pekee duniani, maana nyingi zina waya wa kipekee, ukipotea ndani ya boti umepoteza kompyuta. Ya kidonge, angalia namba ya betri kabla ya kununua. CR2032 unaipata kwa fundi saa yeyote mjini. Kuna namba nyingine za kidonge kinene utazunguka Kigoma nzima. Halafu uliza kama unaweza kuibadilisha mwenyewe kwa sarafu au bisibisi, maana zipo zinazotaka irudishwe kwa wakala, na kwetu wakala ni safari ya siku mbili. Ukifungua mwenyewe safisha ile raba ya duara, unywele mmoja ukikaa pale maji yameingia.

Kioo. Ziwa letu lina maji ya kuonekana mbali siku nzuri, lakini mkusanyaji anaingiza kichwa kwenye pango la mawe akimtafuta samaki, kule ni giza. Namba kubwa, taa ya kuwasha kwa kitufe kimoja. Dukani uishike, nyoosha mkono, tafuta dakika zilizobaki kwa kutupa jicho tu. Kama imekuchukua muda kuitafuta hapo penye mwanga, chini hutaiona ukiwa umeshtuka.

Ya mkononi au ya kuning'inia kwenye bomba la geji? Kwa burudani yoyote ni sawa. Kwa mtu mwenye nyavu mikono yote miwili, chukua ya mkononi, ile ya kuning'inia inaburuzwa kwenye mawe na kuisoma mpaka uachie wavu, na hutaachia.

Kusoma mtungi bila bomba, kwa kuanzia achana nako. Geji ya mshale haina betri.

Ya mtumba, mkononi mwa mtu

Wengi tunaanzia hapo, na mimi nilianzia hapo, kwa hiyo siwezi kumkataza mtu. Ila nikwambie kilichonipata. Niliinunua kwa mtu Dar, safi, mkanda mpya, nikaja nayo. Mzamo wa kwanza tukafika mita 18, mimi na mwenzangu tukaonyeshana mikono kama kawaida. Yake imeandika dakika 40 na kitu, yangu imeandika zaidi ya saa nzima. Mtungi ule ule, hewa ile ile, tumeshuka pamoja. Nilifurahi kwa sekunde kama mbili hivi, nikaona kompyuta yangu ni nzuri, halafu tumbo likaniingia baridi. Nikamfuata yeye, tukapanda kwa saa yake. Juu ya boti nikaingia menyu kwa vidole vinavyotetemeka, kitufe cha kushoto mara tatu, nikakuta pameandikwa O2 32.

Mwenye nayo wa zamani alikuwa anatumia nitroksi, hewa iliyoongezwa oksijeni mpaka asilimia 32, na ukipunguza naitrojeni unapata muda mrefu zaidi. Mimi mtungi wangu ulikuwa hewa ya kawaida, 21. Kompyuta ilinihesabia gesi ambayo sikuwa nayo. Na haikuharibika hata kidogo, ilikuwa inafanya kazi yake kikamilifu.

Kwa hiyo ukishika ya mtumba, kabla hata ya kuilipia: O2 iwe 21. Isiwe kwenye ile hali ya geji tupu, ambapo inaonyesha kina na muda tu na haihesabu naitrojeni kabisa. Mwinuko uone kama inajipimia au ni wa mkono. Kiwango cha tahadhari kiko wapi. Tarehe na saa. Halafu iweke kwenye hewa na uone kama inasoma kina sifuri. Na kitabu chake kipakue kwenye simu, vinapatikana bure kwenye tovuti za watengenezaji, ukisome angalau mara moja chote, ukiwa nchi kavu.

Mambo ninayoyasikia kwenye boti

"Tunazama wote, kompyuta moja inatosha." Haitoshi. Mmoja akiwa mita 3 chini ya mwenzake muda wote wa mzamo, miili yao haiko sawa tena. Na mizamo yenu ya jana haikufanana. Kila mtu yake, na ile ile kuanzia mzamo wa kwanza wa siku mpaka wa mwisho, maana yenyewe inakumbuka maharage yako yamelowa kiasi gani. Ukimpa mtu kompyuta yako mchana umempa kumbukumbu ya mwili wako.

"Imejifunga, nipe ya kwako nimalizie." Kompyuta nyingi ukizivunjia masharti, umeruka kituo au umepanda vibaya, zinakataa kukuhesabia kwa masaa 24 au 48. Watu wanaona ni adhabu. Jamani, haiadhibu mtu, imekwambia hesabu yake juu yako haina uhakika tena. Ukivaa ya mwenzako ambayo haijui ulichofanya, umezamia bila kompyuta.

"Ukiumwa, rudi chini kidogo itaisha." Hili ni la hatari kuliko yote. Anayeumwa viungo, ganzi, kizunguzungu, uchovu usio wa kawaida, ngozi kuwasha na madoa baada ya kuzama, harudi majini. Alale, apewe oksijeni safi kama ipo, anywe maji kama yuko macho, apelekwe hospitali, na waambie wazi kwamba alikuwa anazamia na mtungi maana daktari asipoambiwa atatibu malaria au mgongo. Kuchua hakutoi mapovu. Tiba kamili ni chemba ya presha, na chemba iko upande wa pwani, zaidi ya kilomita elfu moja kwa reli kutoka hapa, na sehemu kubwa ya njia hiyo inapita kwenye nyanda zilizo juu kuliko ziwa. Ndo maana kwa mtu wa Kigoma tahadhari inatakiwa iwe kubwa kuliko ya mtu wa Zanzibar, sio ndogo.

Ukishatoka majini bado unapanda

Rafiki wa Tabora, hii ni yako. Tabora iko karibu mita 1,200. Ukizama asubuhi, ukala, na jioni ukapanda treni kurudi nyumbani, kwa mwili wako umeendelea kupanda kutoka majini, karibu mita 430 zaidi kwenda kwenye hewa nyepesi zaidi. Ukienda Kasulu ni hivyo hivyo, tena huko unafika kwa masaa machache tu. Haifikii ndege, lakini maharage yako yanahesabu. Zamia siku za mwanzo, siku ya mwisho tembea Ujiji, lala, ndo usafiri.

Kwa ndege kuna kanuni inayofuatwa sana: mzamo mmoja usiohitaji kusimama njiani, subiri angalau masaa 12. Mizamo mingi au siku kadhaa mfululizo, angalau 18. Kama ulilazimika kusimama njiani, zaidi ya hapo, wengi wanakaa 24. Ndani ya ndege presha inaweza kushuka mpaka kuwa kama uko kwenye mlima wa mita 2,400, hata kama umekaa kwenye kiti na juisi mkononi. Kompyuta itakuwekea kialama cha ndege kwenye kioo, kikiwa bado kipo usiende uwanjani.

Yule dogo wa Katonga aliirudisha ile saa, wakamrudishia sehemu ya hela, akachanga na wenzake wawili wakaagiza tatu kwa pamoja, za kawaida, za CR2032. Juzi usiku kanitumia picha ya kioo kwenye simu, kaichora duara nyekundu pembeni. "Kaka hii imekuja na ubovu? Kuna kakilima kamejitokeza hapa juu kushoto na mimi sijabonyeza kitu."

Nikamwambia asikaguse, imeshajua iko Kigoma.